Gadi ya meno ya kuchemsha na ile ya kliniki, nimevaa zote mbili

Mama watoto ndo alinishtaki, ati usiku nasaga meno kama mashine ya kuchakata mkonge, nikambishia, mtu umelala utajuaje. Shemeji akadakia huyo ana minyoo, haya nikanywa dawa ya minyoo, wapi! Mi nilichokuwa najua ni kwamba naamka taya limekaza, panja zinauma, na nikinywa maji ya baridi magego yanapata ganzi.

Basi nikanunua gadi ya kuchemsha, yani kinga ya kuvaa menoni usiku, kwenye duka moja hapa Tanga mjini, sitolitaja, elfu 25. Ni kiplastiki laini, unakitumbukiza kwenye maji ya moto kinalegea, af unakiuma kichukue umbo la meno yako. Cha kwanza nilikisahau kwenye maji kikajikunja kama dagaa kikaangoni, ikabidi ninunue kingine. Hicho kilikaa, lakini kinene, udenda mto mzima, na kwa vile ni laini nikawa nakitafuna kama bablishi, wiki ya tatu kimetoboka huku nyuma. Waja leo waondoka leo, ndo gadi yenyewe. Na muuzaji alivyonihakikishia, "mwezi mmoja tu kaka umepona"!

Uongo huo. Nilivyoenda kliniki ya meno dokta akaniambia gadi haizuii kusaga, we utasaga tu ila unasaga gadi badala ya jino, na lile gamba gumu la nje la jino likishalika haliotagi tena. Akanionyesha kwenye kioo, magego yangu juu yamekuwa bapa kabisa, nilinyamaza.

Vipimo vyao sasa. Wanakoroga unga fulani unakuwa kama uji mzito, wanaujaza kwenye kisahani cha chuma wanakushindilia mdomoni mpaka ugande, nusura nitapike wallahi. Humo wanamwaga plasta wanapata sanamu ya meno yako, fundi anatengenezea gadi ngumu. Nilisubiri siku 9. Siku ya kuvaa wananing'atisha karatasi ya rangi, panapobaki alama nyingi wanapapunguza, wananing'atisha tena, hivyo hivyo mpaka meno yote yakagusa sawasawa. Elfu 180, na bima yangu ikakataa. Huu mwezi wa nne tangu nianze kuivaa, ukiiangalia gadi kwenye mwanga imejaa mikwaruzo, ile yote ingekuwa kwenye meno yangu.

Ila kilichonisaidia zaidi ni maswali ya dokta. Unakoroma? Kuna wakati pumzi inakata usingizini? Maana kama ndo hivyo ukachunguzwe, gadi haitibu hiyo. Sigara? Mawazo? Kahawa je? Hapo nikacheka mwenyewe, mi baraza yangu Ngamiani, tukitoka isha ni kahawa chungu na kashata mpaka saa nne, vikombe sita saba. Sasa nakunywa kabla ya magharibi basi, wenzangu wananiita mgonjwa. Na mchana nako kumbe nauma meno bila kujijua hasa kwenye foleni, dokta kasema midomo ifunge lakini meno yaachane, nimefunga uzi mwekundu kwenye usukani wa bajaji, nikiuona naachia taya. Kichwa cha asubuhi siku hizi nakisikia mara moja moja tu.

Binti yangu wa miaka mitano naye anasaga, dokta kasema watoto wengi huacha wenyewe wakikua, nisimnunulie kitu, nimlete tu aangaliwe meno.

Ya kuchemsha naipa nyota mbili, ya kujaribia inafaa kama huna hela. Ya kliniki naipa nne, moja nimeikata kwa kunikalisha benchi toka saa tatu mpaka saa saba. Mnaoenda, gadi muioshe kwa maji ya kawaida, ya moto yanaipinda. Na kiboksi cha kuhifadhia hawatoi, mi yangu inalala kwenye kopo la Blue Band.