Uzoefu wangu: kubadilisha diski iliyokufa kwenye seva ya nyumbani (TrueNAS, HP MicroServer Gen8 na diski ya IronWolf ya terabaiti 4)

Kazi yangu ni kupiga video za harusi na send-off hapa Dar es Salaam. Kila ninachorekodi kinahifadhiwa kwenye seva ndogo iliyoko nyumbani: HP ProLiant MicroServer Gen8 ya mtumba, yenye diski nne za terabaiti 4 kila moja, inayoendeshwa na TrueNAS. Mwezi uliopita diski moja ilikufa. Nimeshaibadilisha na sijapoteza hata faili moja. Naandika kwa sababu wanaotuuzia seva hizi hutusifia ukubwa wake tu, hawatuambii siku diski ikifa mambo yanakuwaje.

Naanza na TrueNAS, maana ndiyo iliyoniokoa. Ni programu ya bure, ile iliyojulikana zamani kama FreeNAS kabla ya kubadilishwa jina mwaka 2020. Ndani yake unafanya kazi mfumo wa kuhifadhi faili uitwao ZFS, ambao asili yake ni kampuni ya Sun Microsystems. ZFS ikiandika data huiwekea hesabu ya kuihakiki, na kila inapoisoma hesabu hiyo inapigwa upya. Kwa hiyo diski ikianza kurudisha data iliyoharibika, mfumo unajua, haukupi video yenye kasoro kimyakimya.

Taarifa ilinijia kwa barua pepe nikiwa ukumbini kazini. Hali ya kundi la diski ilikuwa DEGRADED, yaani diski moja imetolewa kazini lakini zilizobaki zinatosha kuendelea. Usiku nilipofika nyumbani nilifungua video ya harusi ya wiki ile, ikacheza bila kukwama. Mteja alikuwa anaisubiri, na aliipata siku niliyomwahidi.

Kabla ya kununua diski nyingine, soma takwimu za SMART za ile inayolalamika, yaani kumbukumbu ya afya ambayo diski hujiwekea yenyewe. Namba ya 5 inahesabu sekta mbovu zilizohamishwa, ya 197 inahesabu zinazosubiri kuamuliwa. Ya 199 ikipanda peke yake, mara nyingi tatizo ni waya wa SATA au mahali unapochomekwa, wala si diski. Kwangu ya 199 ilikuwa sifuri, na 5 na 197 zilikuwa zinapanda kila nikiangalia. Hapo hakuna cha kusubiri. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha matokeo yao kutoka kwenye diski zaidi ya 100,000, wakaonyesha kwamba diski ikishapata kosa la kwanza la ukaguzi (inapojikagua yenyewe), uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 unakuwa mara 39 ya diski isiyo na kosa hilo. Mtu akikwambia "iache tu, bado inasoma", mkumbushe namba hiyo.

Sehemu ngumu kuliko zote ilikuwa dukani, na hapa nitakaa kidogo.

La kwanza ni aina ya diski. Kuna CMR, ambayo njia zake za kuandikia data hazipandani, na kuna SMR. Kwenye SMR njia za kuandikia data zimepandana kama mabati ya paa, hivyo ukitaka kubadilisha njia moja inabidi uandike upya na zile zinazoilalia. Kwa kuhifadhi picha kidogo kidogo hutaona shida. Lakini unapojenga upya kundi la ZFS, diski mpya inaandikwa mfululizo kwa saa nyingi, na SMR inazidiwa kiasi kwamba mfumo unaweza kuihesabu kuwa mbovu. Mwaka 2020 Western Digital walikiri kwamba baadhi ya diski zao za WD Red za terabaiti 2 hadi 6 zilikuwa SMR, na wanunuzi wa seva za nyumbani walikasirika sana, kwa haki kabisa. Ndiyo maana leo kuna WD Red Plus, ambayo ni CMR. Seagate IronWolf nayo ni CMR. Usinunue diski ya seva kwa kusoma ukubwa peke yake. Soma namba ya modeli, kisha itafute kwenye tovuti ya mtengenezaji.

La pili ni upya wenyewe. Nilikwenda Kariakoo na laptop yangu yenye CrystalDiskInfo, programu ya kusoma SMART, pamoja na kile kifaa cha kuchomekea diski kwenye USB. Kwenye duka moja, ambalo sitalitaja, kijana alinitolea diski ndani ya mfuko wa rangi ya fedha uliofungwa vizuri.

"Dada yangu, hii mpya kabisa, haijaguswa."

"Sawa kaka, tuichomeke basi tuione."

Alikubali, tena bila kinyongo. Programu ilipofunguka, saa za kufanya kazi zilikuwa zaidi ya 26,000. Mwaka mmoja una saa 8,760, kwa hiyo diski hiyo ilikuwa imeshafanya kazi karibu miaka mitatu mfululizo mahali fulani. Nilimwonyesha, akaniambia na yeye kaletewa hivyo hivyo. Nikamshukuru, nikaendelea na safari.

Sidhani kama tatizo hili ni la kwetu tu. Mapema mwaka 2025 huko Ujerumani ilifichuka kwamba diski za Seagate zilizokwisha kutumika zinauzwa madukani kama mpya, na saa zake za SMART zimerudishwa sifuri. Seagate walisema si wao walioziingiza sokoni. Kilichowafichua wahusika ni kumbukumbu nyingine iliyo ndani ya diski za Seagate, inayoitwa FARM, ambayo haikuwa imefutwa. Ukiwa na programu ya smartmontools toleo la 7.4 au jipya zaidi unaweza kuisoma kwa amri ya smartctl -l farm. Linganisha saa za FARM na za SMART. Zisipofanana, rudisha mzigo.

IronWolf ya terabaiti 4 niliipata duka jingine. SMART ilionyesha haina saa, na nilipoingiza namba ya mfululizo kwenye tovuti ya Seagate, waranti ya miaka mitatu ilisoma vizuri. Muuzaji aliniandikia namba hiyo hiyo kwenye risiti, jambo ninalomshauri kila mnunuzi alidai. Bei yake ilikuwa karibu mara mbili ya diski ya mtumba. Niliilipa bila kusita, kwa sababu humo ndani kuna harusi za watu ambazo haziwezi kupigwa tena.

Kubadilisha kwenyewe ni rahisi. Kwenye TrueNAS unachagua diski mbovu, unabofya Offline, unazima seva. Gen8 hairuhusu kuchomoa diski ikiwa inawaka, hilo ni pungufu lake. Tena hakuna taa iliyonionyesha ni diski ipi kati ya nne. Kilichonisaidia ni karatasi niliyobandika ndani ya mlango siku ninaifunga seva, yenye namba ya mfululizo ya kila diski na nafasi yake. Nilichomoa trei, nikasoma namba kwenye diski, nikailinganisha na ile ya barua pepe herufi kwa herufi kabla ya kugusa bisibisi. Ukitoa diski nzima badala ya mbovu, kundi halitafunguka mpaka uirudishe.

Ukiwasha, unabofya Replace, unachagua diski mpya, na ZFS inaanza kuijaza. Uzuri wake ni kwamba inajenga data iliyopo tu, haipotezi muda kwenye nafasi tupu. Yangu ilianza jioni, asubuhi nikakuta imemaliza, makosa sifuri. Wakati huo wote seva ilikuwa kwenye UPS, yaani betri ya akiba umeme ukikatika, na TrueNAS ina huduma ya kusikiliza UPS na kujizima vizuri betri ikikaribia kuisha. Kwa umeme wetu, UPS inunuliwe siku moja na seva.

Lalamiko langu kubwa ni RAIDZ1, mpangilio wa ZFS niliotumia, wenye akiba ya diski moja tu. Kwa mpangilio huo diski moja ikifa, unabaki bila akiba mpaka ujenzi uishe, na diski nyingine ikifuata data yote imekwenda. Na huwezi kuibadilisha RAIDZ1 iwe RAIDZ2, yenye akiba ya diski mbili, papo hapo, ni lazima uhamishe kila kitu, ulivunje kundi na kulijenga upya. Nina nakala rudufu kwenye diski ya nje iliyoko kwa dada yangu Morogoro, kwa hiyo usiku ule nililala. Bila nakala ile nisingelala.

Alama zangu: TrueNAS 9 kwa 10. IronWolf 8, kwa sasa, maana diski huhukumiwa kwa miaka. Gen8 naipa 6: ni imara na haina kelele nyingi, lakini kazi ya biashara inataka mashine unayoweza kuichomoa diski ikiwa inawaka. Anayejenga leo namshauri aanze na RAIDZ2 moja kwa moja, hata kama nusu ya nafasi ya diski nne itakwenda kwenye akiba.