Sista wa simu na presha ya mama

Mama yangu anakaa Ahero, mimi niko Nyalenda. Kwa miaka minne kliniki ya presha ilikuwa inatula siku nzima kila mwezi: boda hadi stendi, matatu hadi Kisumu mjini, foleni, kupimwa dakika mbili, kurudi jua likizama. Mwezi wa tatu kliniki yetu ikaanza kuwapa wagonjwa mashine ya presha waende nayo nyumbani, na sista wa kuwafuatilia kwa simu. Tunalipa shilingi 600 kwa mwezi. Mama anapima asubuhi na jioni, anatuma nambari kwa ujumbe wa kawaida. Simu yake ni kabambe, ile ndogo ya vitufe, na inatosha.

Wiki ya kwanza nambari ya juu ilinitia hofu: 168, 171, 165. Jumatano sista akapiga nikiwa hapo kwa mama. Akamjulia hali kwa Dholuo, akamwambia aweke simu spika na apime yeye akisikiliza. "Umetoka wapi sasa hivi, mama?" Kuchota maji. Basi akamkalisha dakika tano bila maneno, mgongo umeegemea kiti, nyayo zote chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Halafu akauliza ule mkanda umefunga vipi. Mama ana mkono mnene. Mkanda ulikuwa umeshika kwa ncha tu, ukijaa hewa unabanduka. Mkanda mdogo huonyesha presha kubwa kuliko ile uliyo nayo. Ijumaa tukaletewa mpana, nambari zikashuka hadi 150 na kidogo. Bado ni juu, kwa sababu ukipimia nyumbani kikomo ni 135 kwa 85, si ile 140 kwa 90 ya hospitali.

Lakini kilichonifanya niandike haya ni swali la wiki ya tatu: "Viatu vinakubana jioni?" Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema ndiyo, miguu inavimba, na ndiyo maana dawa anameza siku moja anaacha siku mbili. Aliogopa inamharibu figo. Daktari hakuwahi kuambiwa, na mimi mwanawe sikujua! Sista akamweleza kwamba amlodipini, ile dawa yake ya presha, huwavimbisha watu wengi vifundo vya miguu, na kwamba hiyo si figo. Daktari akapunguza dozi, akaongeza dawa nyingine. Sasa mama yuko 130 na kitu, na viatu vyake vya kanisani vinamwingia.

Lalamiko langu ni moja na ni zito. Jumamosi moja usiku mashine ilisoma 184 kwa 121, kichwa kinamgonga na macho yanaona ukungu. Nilipiga simu ya sista mara tatu, haikushikwa. Tulikodi probox hadi hospitali, wakamhudumia, akapona. Jumatatu sista aliomba radhi kwa moyo, ila siku ya kwanza tulipaswa kuambiwa wazi: ikipita 180 kwa 120 na kuna maumivu ya kifua, pumzi kukata, upande mmoja kulegea au macho kufifia, usingoje simu, nenda hospitali. Nimeyaandika mwenyewe kwenye karatasi, nikabandika juu ya meza ya mashine.

Tumelipia tena. Mwenye mzazi kijijini naye ajiunge, ila kabla hajatoa pesa aulize Jumamosi usiku ni nani anashika simu.