Ziwa Nyasa: tulifunge kwa muda, au tubane nyavu?

Mwaka 2024 Tanzania ilisitisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Ziwa Nyasa nalo lifungwe hivyo, au tukaze udhibiti wa zana?

Kufunga ni rahisi kusimamia: mvuvi yeyote akionekana majini, amevunja sheria. Lakini Malawi na Msumbiji nao wanavua humo humo, na mvuvi wa Matema atakaa miezi mitatu bila kitoweo wala ada ya watoto. Inaniuma kuliwaza hilo.

Kubana zana ni kazi ngumu zaidi, nami ndiyo naiunga mkono. Samaki aitwaye mbasa hupanda mito kutaga wakati wa mvua. Anayeziba mdomo wa mto kwa nyavu humvua na mayai yake yote. Kokoro, wavu mrefu unaovutwa hadi nchi kavu, nalo hukwangua ufukweni, likibeba hata vifaranga vya samaki. Maeneo hayo yafungwe kabisa. Usipa, dagaa wa maji ya kina anayevuliwa usiku kwa taa, aendelee kufika sokoni Kyela na Mbeya mjini.

Ila BMU, vikundi vya wavuvi vya kulinda rasilimali za ziwa, wapewe boti na mafuta ya doria, hasa masika.