Kibanda cha kurekodia cha kubeba begani: uzoefu wangu

Nasoma matangazo na vitabu vya sauti, na kazi hunikuta safarini: Mwanza mjini, Nansio, Bukoba. Vyumba vya gesti vina tailsi chini, kuta tupu na dari ya jipsamu. Ukiongea, sauti inagonga kuta inarudi, maiki inabeba yote. Mwangwi ukishaingia kwenye rekodi, kuuondoa bila kuichubua sauti yenyewe ni kazi ngumu mno.

Nilimpa fundi cherehani mmoja wa Makoroboi, Mwanza, kazi ya kunitengenezea kibanda. Fremu ni mabomba ya plastiki ya nusu inchi, yamekatwa sentimita 60 na kuchomekwa kwenye elbo bila gundi. Juu yake yanaanguka mablanketi mazito yaliyoshonwa mawili mawili. Vyote vinaingia kwenye begi moja. Mishono ya pembe za juu iliachia mapema. Fundi aliirudia kwa uzi wa nailoni bila kudai nyongeza, na hadi leo imeshika.

Ninachotaka wasomaji wenzangu wazingatie ni pazia la mgongoni, yaani blanketi linaloning'inia nyuma yako unaposoma. Wengi hununua kisanduku cha sponji cha kuweka nyuma ya maiki, wakaishia hapo. Lakini maiki nyingi tunazotumia husikia zaidi kwa mbele, na mbele yake upo wewe na ukuta ulio nyuma yako. Sauti inayorudi kutoka ukuta ule ndiyo inayoingia moja kwa moja. Nikifunga pazia la mgongoni, tofauti inasikika hata kwa spika za simu. Ingebidi nipunguze mzigo, ningeacha sponji zote kabla ya kuligusa pazia hilo.

Sponji ya inchi mbili hufyonza sauti nyembamba tu. Wimbi la sauti nzito, ya hezi 100, lina urefu wa takriban mita 3.4, sponji hiyo hailiwezi, ndiyo maana ndani ya kisanduku kidogo mtu husikika kama yuko kwenye pipa. Blanketi nalo halifanyi miujiza, ila likining'inia mbali kidogo na ukuta linafyonza zaidi kuliko likibanwa ukutani.

Kelele za nje, blanketi halizuii. Kuziba kelele kunataka uzito wa tofali. Mvua ikianza kupiga bati, nasimamisha kazi. Karibu na mwalo wa Kirumba asubuhi, injini za boti na magari ya samaki zinapita kama kibanda hakipo. Na joto ni kali: feni lazima izimwe, kwa hiyo baada ya kurasa chache nafungua pazia nipumue.

ACX, wanaopokea vitabu vya sauti, wanataka kelele ya chumba isizidi desibeli -60. Mtaa wa Capri Point, Mwanza, usiku, kompyuta ikiwa nje ya pazia, ninakifikia kiwango hicho. Kirumba mchana sikifikii, na sipokei kazi ya kitabu nikiwa huko.