Muvi za kutisha za kutafsiriwa: DJ hanyamazi hata pale kimya kinapotisha

Ukiongea juu ya A Quiet Place kuanzia mwanzo mpaka majina ya mwisho, hujaitafsiri muvi hiyo. Umeifuta. Ndicho alichofanya DJ, yaani msimuliaji anayetafsiri kwa Kiswahili juu ya sauti ya muvi, kwenye muvi za kutisha nilizojaziwa kwenye flashi hivi karibuni, na kwa hasira niliyonayo nitaanza na hiyo moja kabla ya kusema lolote zuri, ingawa zuri lipo.

Simtaji DJ wala laibrari ya muvi iliyoniuzia. Wanaofuatilia muvi za kutafsiriwa wanamjua mtu wa namna hiyo: sauti nzito, maneno hayakauki, kila sura inayopita kwenye skrini ana la kuisemea. Kwenye muvi za ngumi na risasi namkubali kabisa. Muvi ya kutisha ya kisasa ni kazi nyingine, na hakujiandaa nayo.

A Quiet Place ilitoka mwaka 2018, mwongozaji wake ni John Krasinski, ambaye pia ndiye baba kwenye muvi. Kuna viumbe vipofu vinavyowinda kwa kusikia. Lakini tazama unavyopewa habari hiyo: hakuna anayekuambia. Unaona familia inatembea peku. Unaona mchanga umemwagwa njiani. Wanaongea kwa mikono, na kwenye mbao za sakafu kuna alama za rangi zinazoonyesha pa kukanyaga ili ubao usilie. Unajumlisha mwenyewe, na ukishajumlisha unaanza kubana pumzi pamoja nao. DJ wetu alimaliza yote mwanzoni kabisa: hawa viumbe hawaoni, wanasikia, ukipiga kelele umekwisha. Basi, hakuna tena cha kugundua.

Halafu kuna sikio lenyewe. Ukikalishwa kwenye kimya kwa dakika kadhaa, sikio linaanza kutafuta sauti ndogo ndogo: upepo, kitambaa kikiburuzwa, mguu kwenye majani. Ndipo pale darajani kidude cha kuchezea cha mtoto mdogo kinapoanza kulia, betri zimerudishwa bila baba kujua, ule mlio mdogo unakupiga kuliko bomu. Hauhitaji kuongezwa sauti. Sikio lako ndilo lililofunguliwa kabla. Sasa kama kuna mwanaume amekuwa akipaza sauti sebuleni kwako muda wote huo, mlio wa kidude unakuwa kelele mojawapo tu, tena ndogo. Mtoto anachukuliwa na wewe hata hujashtuka.

Kibaya zaidi, kimya cha muvi hii kiko cha aina mbili. Binti mkubwa anaigizwa na Millicent Simmonds, ambaye ni kiziwi kweli katika maisha yake. Kamera ikikaa upande wake na kifaa chake cha sikioni kimewashwa, unasikia mvumo hafifu. Kikizimwa, sauti inakatwa kabisa, sifuri. Ndiyo kazi iliyofanya Erik Aadahl na Ethan Van der Ryn wateuliwe kuwania Oscar ya uhariri wa sauti. Kwenye nakala niliyouziwa, palipotakiwa kuwa sifuri palisikika feni ya chumba alichorekodia DJ, inazunguka na kugonga kidogo kila mzunguko, na kwa mbali bodaboda inapita. Niliweka hedifoni kuhakikisha. Ni feni.

Sababu yake inajulikana: maiki imeachwa wazi mwanzo hadi mwisho. Dawa yake ni rahisi. Zima feni, tundika blanketi zito au egemeza godoro nyuma ya maiki, na ukimaliza kurekodi kata vipande vyote ambavyo huongei kwenye mstari wako wa sauti. Programu za bure za kuhariri sauti zinafanya kazi hiyo kwa muda mfupi. Asiyetaka kukata kwa mkono aweke kizuizi kinachofunga maiki sauti ikiwa chini ya kiwango fulani. Hakuna gharama hapo, ni kutojali tu.

Tatizo la pili wengi hawalitambui ila linawaumiza. Programu huishusha sauti ya muvi DJ anapofungua mdomo na kuipandisha akinyamaza. Huyu anaishusha mno, kwa kusikia kwangu desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 20 au zaidi, na inarudi taratibu mno. Ina maana hata DJ akinyamaza, sekunde 2 au 3 zinazofuata muvi bado iko chini. Na muvi za kutisha huweka mambo yake humo humo, kwenye sekunde inayofuata sentensi: mlango unaosogea, pumzi isiyo ya mtu tunayemwona. Desibeli 8 hadi 10 zinatosha, na sauti irudi ndani ya nusu sekunde. Bora zaidi, achukue faili la asili lenye chaneli 6 za sauti, kila moja kwa spika yake. Mazungumzo kwa kawaida yako kwenye chaneli ya kati. Ashushe hiyo moja, aziache za pembeni na sabufa zifanye kazi yake. Milio ya nyumba, mvua na nyayo ingebaki hai chini ya Kiswahili chake.

Nije kwenye msumari wa A Quiet Place, maana ndio umenifikisha hapa. Mama, anayeigizwa na Emily Blunt, ana mimba kubwa. Anavuta mfuko wa nguo kwenye ngazi za chini ya nyumba, mfuko unanasa, na msumari unainuka ukakaa wima kwenye ngazi. Yeye hajui. Wewe unajua. Kuanzia hapo kila mtu akikaribia ngazi hizo unakunja vidole vya miguu. Baadaye uchungu unamwanza akiwa peke yake, anashuka peku, anaukanyaga, na picha ya fremu inamponyoka mkononi na kupasuka. Kioo kinapasuka kwenye dunia ambayo mlio unaua, na mwanamke hawezi hata kulia. Ni mtego wa zamani wa kumpa mtazamaji siri asiyokuwa nayo mhusika, na hapa umetegwa vizuri kuliko muvi yoyote ya miaka hiyo.

Msumari unapoinuka, DJ alikuwa anatangaza muvi zijazo na namba ya simu ya kuagizia. Hakuutaja kabisa! Na picha nayo haikumwokoa mtu, kwa sababu faili la dakika 90 lilikuwa limebanwa hadi megabaiti 300. Piga hesabu: hiyo ni kama kilobiti 440 kwa sekunde, sauti ikiwemo. Programu ikibanwa hivyo huanza kuiba gizani, ikidhani jicho halitaona. Vivuli vinageuka miraba inayotembea, na msumari mwembamba kwenye ngazi yenye giza unayeyuka. Kwa hiyo mtu aliyeangalia nakala hii anaona mama ameshuka ngazi, amepiga kelele za kujizuia, basi. Muvi za kutisha ni giza tupu kwa nusu yake. Zisiuzwe chini ya gigabaiti 1.5, na hapo nimekuwa mpole.

Get Out ya mwaka 2017, ya Jordan Peele, nayo ilinikera kwa namna ya pekee. Baada ya tukio la mwanzo la yule kijana kutekwa mtaani usiku, yanakuja majina huku miti ikipita dirishani mwa gari, na kuna wimbo. Wimbo huo ni wa Kiswahili. Unaitwa Sikiliza Kwa Wahenga, umetungwa na Michael Abels, na ni onyo kwa Chris, mhusika mkuu, ambalo mwenyewe haelewi. Mtazamaji wa Marekani anasikia sauti za watu wasioonekana wanaomnong'oneza asichokijua. Sisi ndio tuliobahatika, tunasikia maneno. Na DJ wa Kiswahili, kwa wasikilizaji wa Kiswahili, akaongea juu yake! Alikuwa anaeleza gari linakwenda wapi. Sehemu moja ya muvi nzima isiyohitaji kutafsiriwa ndiyo aliyoifunika. Kijiko cha mama wa mpenzi wa Chris kinachozungushwa kwenye kikombe cha chai kilipona kidogo, kwa sababu pale alinyamaza kunywa maji au sijui kufanya nini, na kwa sekunde hizo chache muvi ikatisha kama inavyopaswa.

Hereditary, ya Ari Aster, mwaka 2018. Ambaye hajaiona aruke aya hii. Karibu na mwisho kijana Peter anaamka kitandani. Chumba kina giza. Kamera imetulia, hakuna kishindo cha muziki, hakuna anayeonyeshwa kidole. Ila juu, kwenye kona ya ukuta na dari, mama yake amejibana kama mjusi. Watu huchelewa kumwona, kila mmoja kwa wakati wake, na kule kuchelewa ndiko kunakoganda damu, maana unatambua alikuwepo muda wote uliokuwa unatazama. Waliokaa pamoja wanasikia mmoja anavuta pumzi, halafu mwingine. DJ: "Muone mama yake kule juu ukutani!" Kabla picha haijatulia. Ameninyang'anya kitu ambacho hakirudi, kwa sababu tukio lile linaonwa kwa mara ya kwanza mara moja tu. Na ule mlio wa ulimi wa mdogo wake Charlie, unaorudi baadaye wakati hautakiwi kurudi, ulimezwa wote na sauti iliyoshushwa.

Sasa haki yake. Sanaa hii siichukii. Lufufu, msimuliaji maarufu wa zamani, aliijenga enzi za mikanda ya VHS na vibanda umiza, na wapo watu wazima wengi ambao bila yeye wasingefuata hadithi ya muvi hata moja ya nje. Na kwenye flashi hiyo hiyo kulikuwa na Train to Busan ya Yeon Sang-ho, ya mwaka 2016, muvi ya Kikorea ya mazombi ndani ya treni, ambayo DJ huyu kaifanya vizuri mno. Kikorea kinakwenda kasi, na ukisoma maandishi chini ya skrini macho yanakuacha: wakati unasoma, mtu ameshang'atwa behewa la nyuma. Yeye alikupa maneno, macho yakabaki kwenye treni. Alieleza kwa wakati kwamba hawa walioambukizwa hawaoni gizani, kwa hiyo handaki ndiyo nafasi ya kupita. Yule mume mnene mwenye ngumi nzito alimpa sauti ya kaka mkubwa wa mtaani, na ilimkaa. Tajiri mwoga anayewafungia wenzake mlango nilimchukia kwa Kiswahili kuliko nilivyowahi kumchukia kwa maandishi. Kwa kazi hiyo nilishaandika nyota 4 kichwani.

Mpaka mwisho. Binti Su-an na yule mama mjamzito wanatembea ndani ya handaki la giza kuelekea Busan. Upande wa pili wanajeshi wamelenga bunduki, hawajui kama wanaokuja ni watu au walioambukizwa. Amri ya kupiga imetolewa. Mtoto anaanza kuimba wimbo aliokuwa amemwandalia baba yake, na wanajeshi wanaposikia wimbo wanajua ni binadamu. Sauti ya mtoto ndiyo inayookoa maisha mawili. DJ aliongea juu ya wimbo wote. Alikuwa anatushukuru kwa kutazama. Nilizima.

Nilirudi laibrari kuuliza kama wana nakala zenye sauti ya asili. Kijana wa pale hakuinua macho kwenye kompyuta: "Kaka, kama unataka kimya nenda makaburini. Wateja wote wanataka iliyotafsiriwa." Inawezekana ni kweli kwa wateja wake. Lakini hakuna mtu aliyelazimisha kuchagua. Faili la muvi la aina ya MKV linabeba mistari ya sauti zaidi ya mmoja. Weka ya asili mstari wa kwanza, ya DJ wa pili, faili halinenepi sana. Kwenye laptopu yenye programu ya VLC unabonyeza herufi B, sauti inabadilika hapo hapo. Runinga nyingi zinazosoma flashi zina chaguo la sauti kwenye rimoti. Mtu angemsikiliza DJ kwenye mazungumzo na kurudi kwenye sauti ya asili mama anaposhuka ngazi. Nilimweleza. Akaniuliza kama naongeza muvi au la.

Nyota 2 kwa flashi nzima, na zote mbili ni za Busan kabla ya handaki. Nikiikumbuka ile feni nataka kuifanya 1, halafu namkumbuka yule kaka mwenye ngumi na naiacha 2.

Kwa mnaonunua: usichukue flashi kabla ya kusikiliza. Nenda na hedifoni zako. Mwambie afungue A Quiet Place, asogeze mpaka darajani, ndani ya dakika 15 za kwanza. Kama unasikia feni au mvumo wa chumba, iache. Kisha Get Out, ndani ya dakika 10 za kwanza, usikilize kama wimbo unapita wenyewe. Angalia ukubwa wa faili, chini ya gigabaiti 1.5 usilipe shilingi. Nyumbani toa runinga kwenye picha kali ya dukani, weka modi ya sinema, zima ulainishaji wa mwendo na usawazishaji wa sauti wa usiku, kwa sababu huo nao hupandisha kimya na kushusha kishindo. Zima taa. Na muuzaji akikataa kukufungulia sehemu hizo mbili, ujue anajua kilichomo.