"Tulikupigia mara tatu hukupokea"

Haya ni maoni yangu kuhusu mkutano mmoja wa viziwi. Nianze na simu, maana ndiyo iliyoniudhi mpaka leo, na wiki kadhaa zimeshapita.

Mimi ni kiziwi. Usikivu uliondoka nikiwa darasa la tano, baada ya homa ya uti wa mgongo, kwa hiyo sauti yangu ilibaki na Kiswahili changu cha Mbagala nakiongea kama mtu yeyote. Sikio la kushoto halina kitu. La kulia nikivaa shimesikio napata honi, mlango ukigongwa, mtoto akilia chumba cha pili. Maneno sipati. Kwenye simu ndiyo kabisa, mtu akiongea nasikia kama redio iliyofungiwa kabatini. Wanaonifahamu wote wanajua mimi ni wa meseji. Tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008 sijawahi kumwomba mtu anisikilizie habari ya hela: inaingia, simu inatetemeka, nasoma, basi.

Likaja tangazo la mkutano wa viziwi na wenye usikivu hafifu wanaofanya kazi za teknolojia, au wanaotaka kuanza. Bure, Jumamosi, mkalimani wa lugha ya alama yupo, chai ipo. Nikajaza fomu siku hiyohiyo. Fomu yenyewe ilinipendeza, nisiseme uongo. Kulikuwa na swali la hali ya usikivu, nikaweka alama kwenye "kiziwi". Kulikuwa na swali la njia ya kukupata, nikaweka alama kwenye "meseji". Nikajisemea, hawa wanaelewa.

Siku mbili kabla, nipo kazini Kariakoo natengeneza kadi ya sendofu ya mtu, simu ikatetemeka mezani. Namba ngeni. Ikatetemeka tena, na tena. Nikaandika: "Samahani, mimi ni kiziwi, tafadhali tuma meseji." Hakuna jibu. Nikajua ni wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii", nikaendelea kupanga maua ya bibi harusi.

Jumamosi nikapanda daladala mbili na bajaji mpaka Mikocheni. Kwa asiyejua, daladala kwa kiziwi ni kazi. Konda anatikisa sarafu, wenzako wote wanatoa nauli, wewe unaangalia dirishani, mara unachomwa kidole begani na sura imeshakunjwa. Nimezoea. Siku hiyo hata konda hakuniudhi, nilikuwa naenda kwetu.

Mapokezi kulikuwa na dada wawili. Nikataja jina. Mmoja akapitisha kidole kwenye orodha, akasema kitu. Nikamwonyesha sikio, nikaweka simu mezani kati yetu, nikamwomba aseme tena. Natumia Live Transcribe, ile programu ya Google inayogeuza maneno kuwa maandishi papo hapo. Ilitoka mwaka 2019, na mmoja wa walioianzisha, Dimitri Kanevsky, ni kiziwi mwenyewe, jambo linalonipa raha kila nikiifungua. Kwa Kiswahili inababaika mtu akichanganya na Kiingereza, na sokoni haifai kabisa. Lakini pale mapokezi palikuwa patulivu, ikafanya kazi kupita nilivyotaka. Ikaandika:

"tulikupigia mara tatu hukupokea nafasi yako tumempa mtu mwingine"

Nikasoma. Nikasoma tena. Nikamwambia kwa sauti: dada yangu, mimi ni kiziwi, na huu ni mkutano wa viziwi, ulitaka nipokee kwa kutumia nini?

Hakunijibu. Akamgeukia mwenzake na ile karatasi ya orodha akaiinua ikafunika mdomo. Hiyo nayo tumeizoea, watu wakishajua unasoma midomo wanaificha. Mdomo aliuficha, simu aliisahau. Maandishi yakaendelea kupanda kwenye skrini:

"huyu mbona anaongea vizuri tu watu wanapenda vya bure"

Nikaigeuza simu taratibu ikamtazama yeye. Alisoma, naapa alisoma, macho yalikwenda mpaka mwisho wa mstari. Nikangoja neno moja tu, samahani, au hata uso ubadilike. Akachukua kalamu, akaandika nyuma ya orodha kwa herufi kubwa kama anaandikia mtoto wa chekechea: SUBIRI.

Nikasubiri. Kiti cha plastiki, pembeni ya ndoo ya maji ya kunywa, karibu saa nzima. Hili la "mbona unaongea" nimelisikia, au niseme nimelisoma, hospitalini, benki, hata kanisani. Mtu ana picha yake moja ya kiziwi, asiyetoa sauti, na neno lake ni "bubu", ambalo sisi hatulitaki. Ukija na sauti unakuwa tapeli. Nilichokuwa sijawahi kukutana nacho ni kuambiwa hivyo mlangoni kwa viziwi. Nikaanza kuandika maoni haya palepale kwenye kiti, nyota moja, na ile moja kwa sababu mfumo haukubali sifuri.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja aliyetoka kwenda msalani. Akaona kifaa sikioni, akasimama mbele yangu, akauliza kwa mikono nakaa nje kwa nini. Lugha ya alama nimejifunza ukubwani, mikono yangu ni mizito, lakini "walipiga simu" haihitaji ufundi. Mzee alicheka mpaka akashika ukuta. Akanieleza kuwa yeye pia alipigiwa, mke wake anasikia, ndiye aliyepokea. Na yule kijana aliyekaa mbele alipokelewa na dada yake, na mama wa Temeke alipokelewa na mwanawe.

Fikirieni hilo kidogo. Ukumbi ulijaa viziwi wenye mtu anayesikia nyumbani. Kiziwi anayeishi peke yake, au na kiziwi mwenzake, alikatwa bila mtu kujua, na kwenye karatasi yao ameandikwa "hakupokea".

Mzee hakuongea na mapokezi. Alinishika mkono tukapita. Wale dada hawakusema kitu, au walisema, mimi sikusikia, na mara hii nilifurahi.

Sasa ndiyo sehemu inayonivurugia hasira.

Ndani palikuwa pazuri. Viti vimepangwa mfano wa kwato ya farasi ili kila mtu aone mikono ya kila mtu. Hakuna mtu anayepiga kipaza sauti kwa kidole na "halo halo". Mtu akitaka kuanza, taa inazimwa na kuwashwa mara mbili, vichwa vyote vinageuka. Nilikaa nikasahau kuchungulia simu kwa muda mrefu, kitu ambacho mkutanoni sijawahi kukifanya. Kwenye mikutano ya watu wanaosikia mimi huwa ni mwanamke anayesoma meza.

Mada ya kwanza ilikuwa ya nenosiri na utapeli wa mitandaoni, na haikufika mbali, kwa sababu walikwama kwenye neno lenyewe. Waliosoma shule ya viziwi Buguruni wana alama yao, wa Tabora wana yao. Mmoja akaonyesha ufunguo, mwingine akasema ufunguo ni wa mlango, nenosiri liko kichwani. Kijana wa mbele akagusa paji la uso, kisha akafunga vidole kama anayekunja karatasi ndani ya ngumi. Ukumbi ukanyamaza, yaani mikono ikanyamaza. Kisha mikono yote ikapanda juu ikapepea, ndiyo makofi yetu. Nimekaa mbele ya kompyuta miaka tisa, sijawahi kuona neno likizaliwa mbele yangu. Dakika ishirini zilikwenda hapo na hakuna aliyelalamika.

Baadaye akaja mwanafunzi wa chuo, anasikia, kijana mwenye adabu, aliwaamkia wazee mmoja mmoja. Alileta glavu zenye waya. Unavaa, unafanya alama, spika inatamka neno. Viziwi wakatazamana. Wanaofuatilia wanajua glavu hizi zina historia: mwaka 2016 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walipewa tuzo ya dola 10,000 kwa glavu za aina hiyo, na viziwi wa huko wakawaka, wakasema lugha ya alama haikai vidoleni peke yake. Ni kweli. Nyusi zikipanda, sentensi ileile imekuwa swali. Glavu haina nyusi.

Dada mmoja aliyevaa kilemba cha kijani akamuuliza kupitia mkalimani: "Hiyo sauti inamsaidia nani?"

"Inawasaidia nyie muongee na sisi."

"Na nyie mtavaa nini ili muongee na sisi?"

Nilimhurumia yule mtoto, alitoka jasho. Lakini hakukimbia. Wakati wa chai nilimkuta pembeni ya mzee wangu anafundishwa herufi kwa vidole, amekwama kwenye G. Na nikiwa namhurumia hivyo, wazo likanipiga kichwani: huyu, anayesikia, aliingia bila shida yoyote. Yeye simu alipokea.

Halafu umeme ukakatika. Mapazia yalikuwa yamefungwa kwa ajili ya projekta, giza likatanda, na giza kwetu ni sawa na kuzibwa mdomo. Kabla sijaanza kuogopa, tochi moja ya simu ikawaka, ikalenga mikono ya msemaji. Ikafuata ya pili, ya tano, mpaka mikono yake ikawa inang'aa peke yake katikati ya ukumbi, na mada ikaendelea kama kawaida. Waliopotea walikuwa wageni wanaosikia: kipaza sauti cha mkalimani kimezimika, feni zimesimama, wanainamiana "amesema nini? amesema nini?" Mungu anisamehe, nilitamani kwenda kuwaandikia SUBIRI.

Basi nikiwa kwenye bajaji ya kurudi nikafuta ile nyota moja. Nikaweka nne. Ile moja niliwanyima kwa sababu mkalimani alikuwa mmoja kwa siku nzima. Kazi ile inachosha akili, wakalimani hupokezana kila baada ya dakika ishirini au thelathini, na huyu kaka kufikia mchana alikuwa anaruka maneno. Waandaaji, tafuteni wawili.

Nyota nne zingebaki, na mngesoma maoni matamu hapa. Tatizo ni kwamba kabla ya kuyatuma niliona ni uungwana kuwaandikia waandaaji kwanza. Nikaandika kwa utaratibu kabisa: tarehe, saa, namba iliyopiga, meseji yangu isiyojibiwa, maneno ya mapokezi kama yalivyotokea kwenye skrini. Sikuomba mtu afukuzwe kazi. Niliomba orodha ithibitishwe kwa meseji, na mapokezi akae kiziwi mmoja. Mmoja tu, wapo tele ndani.

Jibu lilikuja kesho yake:

"Pole sana dada kwa usumbufu uliojitokeza. Tafadhali tupigie kwa namba hii ili tulishughulikie suala lako."

Niliwaonyesha wenzangu kazini, wakadhani nimeitengeneza mwenyewe, maana wananijua na programu zangu za picha. Sikuitengeneza.

Kwa hiyo sasa nyota ngapi? Viziwi waliokuwa mle ndani nawapa tano, na mzee wangu wa msalani nampa sita. Mlango siupi kitu. Lakini mlango na ukumbi ni vya mkutano mmoja, na mtu mwenye fedha na orodha ndiye mwenye mlango. Nimeandika mbili, nimefuta. Nimeandika tatu, nimemkumbuka yule dada na karatasi yake mdomoni, nimefuta. Wekeni wenyewe.

Na bado nitakwenda, msinicheke. Kijana wa nenosiri ameahidi mara ijayo watatafuta alama ya "seva", na watu wa Tabora wameshaanza kutumiana video kujipanga. Fomu mpya imetoka juzi. Swali la njia ya kukupata bado lipo, nikaweka tena alama kwenye meseji, na kwenye nafasi ya namba ya simu nikaandika ya mama. Nilimwambia wakipiga aseme tu "ndiyo, atakuja". Mama amesema atapokea, lakini ana maswali yake kwanza.