Moduli ya kerneli: C au Rust?

Tuseme uko Kondele, Kisumu, na unataka kuandika draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kutumia kifaa) ya kihisi cha joto la maji kwa vizimba vya samaki kule Dunga. Draiva hiyo itakuwa moduli, yaani kipande kinachoongezwa kwenye kerneli, kiini cha mfumo wa Linux. Utaiandika kwa lugha ya C au Rust?

C ndiyo lugha ya Linux tangu 1991. Mifano imejaa tele, na karibu kila draiva utakayoiiga imeandikwa nayo. Ila C haikuulizi maswali. Ukiita kfree (amri ya kuachilia kumbukumbu) kisha ukaendelea kutumia kielekezi kilekile (anwani ya kumbukumbu hiyo), kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, inaweza kukuacha tu. Ndani ya kerneli hakuna wa kukudaka: mashine nzima inakwama, au mdukuzi anapata mwanya.

Rust iliingia kwenye kerneli kuu na toleo la 6.1, Desemba 2022. Huku kila kipande cha kumbukumbu kina mwenyewe. Mwenyewe akiondoka kinaachiliwa, na msimbo unaojaribu kukigusa baadaye unakataliwa kabla moduli haijajengwa. Hata data inayolindwa na kufuli (kizuizi cha sehemu mbili za programu kuigusa data kwa pamoja) huifikii bila kulishika kufuli lenyewe. Hilo pekee lingenitosha. Lakini kuzungumza na maunzi bado kunapitia vipande vya unsafe, ambavyo usalama wake ni juu yako, na mantiki mbovu hubaki mbovu.

Kasi? Zinakaribiana.

Kwa draiva mpya ningechukua Rust, mradi sehemu ya kerneli inayohusika tayari ina violesura vya Rust (njia za kuiita kerneli kutoka Rust). Kama havipo, itabidi uviandike kwanza, na hapo C itakuokolea muda mwingi. Kurekebisha draiva ya zamani? C, bila ubishi.